Matone Mawili ya Sabuni

Mimi ndiye niliyenyamaza. Nalisema mwanzo kabisa, usije ukanionea huruma halafu baadaye ukajuta. Nilinyamaza miezi minane, na si kwamba sina mdomo. Waulize watu wa maabara yetu, watakuambia mdomo wangu haujui likizo.

Kazi yangu ni kutengeneza bafa. Neno lisikutishe. Bafa ni maji tu, maji safi yaliyotiwa chumvi kwa kipimo, yasiwe makali wala yasizidi kupooza, ili vitu vinavyopimwa ndani yake visiharibike. Kila asubuhi natengeneza chupa za lita moja moja, naandika tarehe, napanga kwenye friji. Nimefanya hivyo miaka ishirini na sita, ndiyo maana wananiita Mama Bafa, hata mlinzi wa getini ambaye hajui bafa inaliwa au inavaliwa. Sina digrii. Nina mikono tu, na mikono hiyo ilikuwa haijawahi kunitia aibuni.

Daktari, kiongozi wa chumba chetu cha maabara, ni mwanangu. Dada yangu mkubwa alifariki akamwacha ana miaka mitano, nikamchukua. Nikamwogesha, nikamlisha, nikamchapa alipostahili na mara mbili tatu asipostahili, nikampeleka shule. Siku alipopewa udaktari wake wa vitabu nililia mpaka nikapoteza kiatu kimoja ukumbini, na hadi leo hakijaonekana. Nyumbani ananiita Mama mdogo. Kazini ananiita Mama Bafa kama wengine, nami namwita Daktari. Wa tatu wetu ni Kitambi, fundi wa mashine, mwanamume mkubwa wa mwili na mkubwa wa mzaha, ambaye anasema tumbo lake ni chombo cha serikali na haruhusiwi kulipunguza bila kibali.

Sasa nikueleze tunachotafuta, maana bila hilo hutanielewa. Kuna kimelea kinacholeta homa ya kumaliza watu polepole. Ndani yake kimelea hicho kina kimeng'enya kimoja kinachokikatia chakula kiwe vipande vidogo. Ukikizuia kimeng'enya, kimelea kinakufa njaa. Basi tuliletewa kemikali mia nne, kila moja kwenye kichupa chenye namba, na hakuna aliyejua ipi ni dawa na ipi ni takataka. Tunachukua sahani ya plastiki yenye vishimo tisini na sita, kila kishimo hata ncha ya kidole haiingii vizuri. Tunatia bafa, tunatia kimeng'enya, tunatia kemikali, na mwisho tunatia maji ya kupimia, ambayo kimeng'enya kikiyakata yanageuka njano. Ukiona njano, kimeng'enya kiko kazini na kemikali yako haikufua dafu. Ukiona maji yamebaki maji, umekizuia. Unatazama njano wiki hadi wiki, mpaka ukikutana na mtu kavaa shati la njano unamchukia bure.

Na kuna sabuni. Bosi wetu wa zamani, aliyekianzisha chumba, alikuwa na sheria moja isiyojadiliwa: kila chupa ya bafa itiwe matone mawili ya sabuni ya maabara. Nilimuuliza sababu, akanieleza taratibu, maana hakuwa mtu wa kudharau. Alisema kuna kemikali zikiingia majini zinagandana zenyewe kwa zenyewe, zinakuwa madonge madogo yasiyoonekana, kama unga uliomwagiwa maji bila kukorogwa. Kimeng'enya kinanasa kwenye madonge hayo, kinashindwa kukata. Wewe unaona maji hayana njano, unaruka juu, unasema nimepata dawa. Kumbe hujapata kitu. Donge hilo litanasa kimeng'enya chochote kile, cha kimelea, cha ng'ombe, na chako wewe. Ukitia sabuni madonge yanavunjika, na uongo unajulikana hapo hapo. "Dawa inayozuia kila kitu haizuii kitu," aliniambia, akarudia gazeti lake. Alipostaafu alikuja mwanangu, na matone yangu mawili yakaendelea.

Mpaka siku Daktari alipokuja mezani kwangu amekunja uso.

"Mama Bafa, sabuni yako inanitesa. Inatoa povu, povu linakaa juu ya kishimo, mashine inasoma povu badala ya rangi. Nusu ya vipimo vya jana nimetupa."

"Nimimine polepole zaidi?"

"Aa, tuitoe kabisa kwa sasa. Tukipata kitu cha maana tutairudisha tukipime upya."

Na alikuwa sahihi. Sikumlaumu siku ile na simlaumu leo. Povu ni adha ya kweli, na watu wengi hufanya hivyo hivyo kwa muda. Nikaitoa sabuni, kichupa chake nikakiweka rafu ya juu.

Wiki tatu baadaye ikatokea namba sabini na tatu. Vishimo vyake vilikuwa maji matupu, hakuna hata dalili ya njano. Daktari akarudia, ikawa vile vile. Akarudia tena. Kitambi akaanza kucheza katikati ya chumba, tumbo linakwenda kushoto yeye anakwenda kulia, akanivuta nami nikacheza. Nikiwa bado nacheza nikaikumbuka sabuni, miguu ikapoa. Nikajisemea, mwache afurahi, mwenyewe alisema atapima upya, atapima.

Hakupima. Si kwa ubaya. Kila mtu alitaka takwimu: dozi ndogo inazuia kiasi gani, dozi kubwa kiasi gani, mchoro uko wapi, ripoti iko wapi. Lile "tutairudisha" likazama chini ya karatasi. Mimi nikajifanya hamnazo.

Nitakuambia kwa nini, na ukitaka kunitukana nitukane. Siku zile zile mwanangu alipata barua kutoka chuo kimoja cha mbali, safari ya ndege mbili na kulala njiani. Walimpa nafasi ya miaka mitano, maabara kubwa, wenzake wa kumfundisha. Alitakiwa ajibu ndani ya siku kumi. Siku ya tisa alinifuata jikoni, akaegemea mlango kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo na amevunja kitu shuleni.

"Mama mdogo, niende?"

Maneno niliyotakiwa kusema hayazidi pumzi moja: pima kwanza na sabuni, mwanangu, ndipo uamue. Nilikuwa nayo mdomoni. Badala yake nikasema, "Na dawa yako utamwachia nani?"

Akafikiri. "Kweli," akasema. "Siwezi kuiacha sasa hivi." Akaketi pale pale mezani akaandika barua ya kukataa, akanisomea, nikamwambia imekaa vizuri. Akaituma. Nikamkaangia mayai.

Nilitaka abaki. Hayo ndiyo yote, hakuna sababu nyingine ya heshima niliyoificha. Mume wangu aliondoka zamani kununua betri na hajarudi, na betri zenyewe siku hizi hazihitajiki. Sina mtoto mwingine. Jioni nikisikia ufunguo wake ukizunguka kwenye kitasa ndipo pumzi inanishuka. Nikajidanganya kwamba huenda Sabini na Tatu ni dawa ya kweli, maana zipo za kweli, na mimi ni nani, mwosha chupa, wa kujua zaidi ya daktari? Kisha mwezi ukapita, na mwingine, na kila mwezi neno lile likawa gumu zaidi kulitoa. Usiposema siku ya kwanza, siku ya pili utaulizwa jana ulikuwa wapi.

Wafadhili wakaandika kwamba wanakuja siku ya Alhamisi. Mambo yalikuwa wazi kwa kila mtu. Wakiridhika, Sabini na Tatu ingetoka kwetu ikajaribiwe kwa wanyama, na chumba kingepata miaka minne mingine. Wasiporidhika, chumba kingefungwa na mkataba wa Daktari ungeishia mwezi ule ule. Alinyoosha nguo yake ya siku hiyo tangu Jumamosi.

Jumatatu asubuhi nikagombana na mtunza stoo. Niliomba glovu za mtu mzima, akanipa za kumtosha mwanasesere, nikamrudishia, akaniambia nipunguze vidole. Nilirudi mezani damu inanichemka. Nikapima chumvi huku namjibu peke yangu, nikamimina maji huku namjibu, nikakoroga, nikafunga, nikaandika tarehe. Majibu niliyompa mtu yule kichwani mwangu yalikuwa mazuri mno. Mikono ilikuwa inajiendesha yenyewe, kama ilivyojiendesha miaka ishirini na mitano kabla ya lile agizo la povu.

Saa sita mchana nikasikia Daktari anapiga ukelele.

Sahani ilikuwa njano, yote, kutoka kona hadi kona. Vishimo vya Sabini na Tatu vilikuwa njano kama vishimo visivyotiwa kitu.

"Kitambi! Joto la mashine umeweka ngapi?"

"Lile lile la siku zote, Daktari. Tazama mwenyewe."

"Basi umechanganya vichupa."

"Mimi? Vichupa nimevitoa kimoja kimoja, namba nimezisoma kwa sauti."

"Ulikuwa unaongea! Wewe huwa unaongea tu, unaongea, mzaha mtupu, na Alhamisi wageni wanakuja! Nataka maelezo ya maandishi."

Kitambi ni mkubwa kwake kwa miaka kumi na tano. Alivuta droo akaanza kutafuta kalamu.

Mimi nikaenda kwenye friji. Nikaitoa chupa ya asubuhi, nikaitikisa kidogo. Bafa isiyo na sabuni ukiitikisa inatulia mara moja. Hii ilivaa povu shingoni, povu jembamba, na halikuondoka. Nikainua macho rafu ya juu, kichupa cha sabuni hakikuwepo. Kilikuwa mezani kwangu, kizibo kimekaa pembeni. Na nilifanya nini? Niliimwaga bafa yote kwenye sinki, nikafungulia maji mengi, nikaosha chupa mara tatu. Ndivyo nilivyofanya, na Kitambi amesimama hatua nne kutoka kwangu anatafuta kalamu ya kuandikia maelezo.

Jumanne nikatengeneza bafa isiyo na sabuni. Njano ikatoweka, Sabini na Tatu ikarudi kuwa dawa. Daktari alinikumbatia mpaka miwani ikanipanda kwenye nywele. Kwenye daftari la maabara akaandika kwamba vipimo vya Jumatatu vimefutwa kwa sababu ya uzembe wa fundi, akampa Kitambi barua ya onyo. Kitambi aliisoma amesimama, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa shati.

Mchana hakula. Alikuja mezani kwangu, akavuta kigoda, akakaa.

"Mama Bafa, niambie ukweli, usinifiche. Mimi nimeanza kuzeeka?"

"Kuzeeka kwa nini?"

"Nimekaa nakumbuka jana, kichupa baada ya kichupa. Naona nilivisoma sawa sawa. Lakini sahani inasema sikusoma. Sasa kama kichwa kinaniambia hivi na sahani inaniambia vile, nitakiamini vipi kichwa changu? Mama yangu alianza hivi hivi."

Alinyoosha viganja vyake viwili mezani, akavitazama kama vya mtu mwingine. Nikasikia kitu kinanipanda kifuani, na hakikuwa hasira, maana hasira yangu naijua. Ilikuwa aibu, nzito. Mwanangu nilimdanganya kwa sababu nampenda, hivyo ndivyo nilivyokuwa najifariji. Huyu je? Huyu nilikuwa namvunja kwa sababu gani?

"Hujazeeka," nikamwambia. "Kichwa chako kizima. Rudi ukale."

Jumatano nilifika maabara kabla ya wote. Nikatengeneza chupa mbili. Moja niliiandika A, nyingine B. Daktari alipoingia, koti bado hajavaa, nikamwekea mbele yake.

"Nini hii?"

"Pima Sabini na Tatu kwa zote mbili. Nusu ya sahani kwa A, nusu kwa B."

"Mama mdogo, kesho wageni. Leo sina muda wa mchezo."

"Si mchezo. Pima."

"Zina tofauti gani?"

"Ukishapima nitakuambia."

Alinitazama. Nadhani alitaka kunikemea kama alivyomkemea Kitambi, lakini nilisimama vile nilivyokuwa nikisimama alipokuwa darasa la tatu na hataki kuandika hesabu, na mwili wake ukakumbuka. Akachukua pipeti ya kudondoshea matone. Kitambi alikuwa bado hajafika. Daktari alijaza vishimo mwenyewe, safu baada ya safu. Nilisimama nyuma ya kiti chake muda wote. Tulisubiri dakika ishirini za kimeng'enya, na zilikuwa ndefu kuliko miezi minane.

Upande wa A ulibaki maji. Upande wa B uligeuka njano, mstari umekatika katikati ya sahani kama umechorwa kwa rula.

Hakuuliza B ina nini. Aliichukua chupa, akaitikisa, akaliangalia povu.

"Nilisoma haya chuoni," akasema. "Mwaka wa pili. Nilisema nitairudisha sabuni nipime upya. Nilisema, au sikusema?"

"Ulisema."

"Nikasahau." Akajishika kichwa. "Mungu wangu, nikasahau! Nimewaandikia watu. Nimechora michoro. Na Kitambi masikini... Jumatatu ilikuwa hii, siyo? Ulitia kwa bahati mbaya."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo umegundua Jumatatu."

Hapo ndipo ningeweza kuponea. Alikuwa amenifungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe, nilichotakiwa ni kuitikia tu. Nikasema, "Hapana."

"Hapana nini?"

"Sikugundua Jumatatu. Sheria ya sabuni naijua tangu enzi za bosi wa zamani, alinieleza neno kwa neno. Sabini na Tatu ilipotokea nilijua inabidi ipimwe."

Aliiweka chupa mezani polepole. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile tuliyocheza."

Nilimwona akihesabu. Ana uso wa mama yake anapohesabu, midomo inatembea kidogo. Nilijua atafika wapi, na sikuwa na pa kukimbilia.

"Barua ya chuo ilikuja wiki ile," akasema.

"Ndiyo."

"Nilikuja jikoni nikakuuliza niende."

"Ndiyo, mwanangu."

"Nikakusomea nilivyoandika. Ukaniambia imekaa vizuri."

Nikaanza kulia. Nikamwambia yote, kwamba nyumba ingekuwa tupu, kwamba niliogopa, kwamba nilitaka kumwambia kila siku. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na mimi nililia pale kwa wote wawili, maana yeye hakutoa hata chozi.

"Nafasi ile wamempa mtu," akasema. "Niliona picha yake. Amesimama mbele ya maabara ambayo ingekuwa yangu." Kisha akasema, tena bila kupandisha sauti, na heri angepandisha: "Mimi nilisahau. Wewe ulinyamaza. Si kitu kimoja, Mama mdogo."

Akavaa koti lake, akaanza kazi. Aliagiza kimeng'enya kingine chumba cha jirani, cha ini la ng'ombe, kisichohusiana kabisa na kimelea chetu. Akakipima na Sabini na Tatu. Nacho kikazuiwa barabara, na sabuni ilipotiwa kikafunguka. Dawa inayozuia kila kitu. Kitambi alipofika, Daktari aliichomoa ile barua ya onyo mfukoni mwa shati la fundi wake, akaichana mbele yake.

"Kaka, nisamehe. Nimekukosea sana. Kosa halikuwa lako hata kidogo."

Kitambi alikaa chini kwanza, kabla ya kucheka. "Lilikuwa la nani basi?"

"Kesho utasikia," akasema Daktari, hakunitazama.

Jioni alirudi nyumbani, akapita sebuleni, akaingia chumbani kwake. Chakula nilichomwekea kilipoa. Nilikaa namsikia akiandika kwenye kompyuta, nikaelewa kwamba anayaandika yangu. Ajabu ni kwamba nilipata nafuu. Nikasema acha aseme mbele ya wote, Mama Bafa alijua, Mama Bafa alificha, Mama Bafa alimwaga ushahidi kwenye sinki. Nifukuzwe, nitukanwe, Kitambi anitemee mate. Mtu akishachapwa anaweza kuomba msamaha. Nililala nimejiandaa.

Alhamisi tukajaa kwenye chumba cha mikutano. Wageni walikuwa watano, wakiongozwa na mama mmoja mwenye mvi, mpole wa sauti, anayeandika kila kitu kwa penseli. Mimi nilikaa nyuma kabisa pamoja na Kitambi. Nilivaa gauni langu zuri ndani ya koti la kazi, sijui kwa nini. Labda watu huvaa vizuri wanapokwenda kuhukumiwa.

Daktari alisimama na nguo yake aliyoinyoosha tangu Jumamosi. Hakuzunguka. Aliweka picha ya ile sahani kwenye skrini, nusu maji, nusu njano.

"Sabini na Tatu si dawa," akasema. "Inagandana majini na kunasa kila kimeng'enya. Niliyowaandikia katika ripoti ya kwanza ni makosa, na naomba yafutwe."

Mama mwenye mvi aliweka penseli chini.

"Unajua maana yake kwa chumba chenu?"

"Najua."

"Ungeweza kutuonyesha upande mmoja tu wa hiyo sahani."

"Ningeweza."

"Mligunduaje?"

Nikashika kiti cha mbele. Nikasema, haya, sasa.

"Mimi sikugundua," akasema mwanangu. "Jambo hili nililisoma zamani nikalisahau. Aliyekuwa analijua ni mtengeneza bafa wetu. Ana miaka ishirini na sita kazini. Jana asubuhi alitengeneza chupa mbili, akaniwekea mbele yangu, akasimama nyuma yangu mpaka nikapima, na nilipomkatalia hakuondoka. Bila yeye leo ningesimama hapa nikiwadanganya. Yule pale nyuma, mwenye koti."

Kila neno lilikuwa la kweli. Nililitafuta hata moja la kulikanusha, sikuliona. Vichwa vyote viligeuka.

"Simama tukuone, mama," akasema mama mwenye mvi, na macho yake yalikuwa na heshima ya kweli, heshima ambayo sijapewa na mtu yeyote mwenye kalamu tangu nizaliwe. "Watu kama wewe ndio wanaookoa wagonjwa, na majina yao hatuyaandiki. Leo nitaliandika lako."

Kitambi alikuwa wa kwanza kuruka. "Ndiye wewe! Ndiye wewe uliyeniokoa!" akanishika mabega, machozi yanamtoka, akaanza kupiga makofi, na chumba kizima kikamfuata. Wageni wakasimama. Nilitaka kusema jamani, ngojeni. Nilitaka kusema miezi minane. Nikafungua mdomo nikasema asanteni.

Daktari naye alikuwa anapiga makofi, pale mbele, chini ya ile sahani. Alikuwa ananitazama machoni, na hakuacha mpaka wote walipoacha.